Bibi Aliyepanda Jukwaani

Miaka kumi na mmoja nimehakiki michezo ya kuigiza ya vyuo hapa Muscat, na katika miaka hiyo yote nimesifu mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na homa. Wanafunzi wameniita majina mengi, lililoshika ni Bi Mkasi, na sikuwahi kulikataa. Mtu aliyefundisha sanaa za jukwaani miaka thelathini hana haja ya kupendwa na kila kijana aliyevaa joho la kuazima akajiona mfalme.

Kwa hiyo barua ya kamati iliponifikia, kwamba zamu yangu ni chuo kimoja cha upande wa Mawaleh na mchezo wao unahusu maisha ya Wasamoa waliohamia New Zealand, niliisoma mara mbili kisha nikacheka peke yangu jikoni. Vijana wa Mawaleh na Mabela, ambao safari yao ndefu kabisa ni Salalah wakati wa mvua, wamewaona wapi Wasamoa? Samoa ni visiwa vilivyo katikati ya Pasifiki, mbali kiasi kwamba sisi tukila chakula cha mchana wao washalala. Nikajua yaliyotokea. Mtu kafungua simu, kaona watu wenye maua shingoni, kaona itapatikana ngoma nzuri. Nikachonga penseli.

Nieleze jambo moja la kazi yenyewe. Kila mwaka mchezo mmoja wa Muscat huchaguliwa kwenda kwenye tamasha la vyuo. Kamati ina watu sita, mwenyekiti akiwa Ustadh Marhoon, lakini kamati haihukumu kwa macho yake. Kila mchezo una mhakiki mmoja, na hukumu hutoka kwenye ripoti yake tu. Onyesho ni moja, hakuna kurudia. Kanuni hizo, zote kumi na nne, niliziandika mimi, na nilizifanya ngumu kwa makusudi.

Jumamosi ile sikuwa na mpango wa kwenda na mama. Mama yangu, Bi Nunu, ana miaka themanini, anatembea kwa bakora, na jambo akiliona hulisema hapo hapo. Si mtu wa kupelekwa panapotakiwa kimya. Lakini alinisikia kwenye simu nikitaja Samoa.

"Samoa n'wapi?" akauliza.

"Visiwani, Mama. Mbali sana. Mchezo wenyewe ni wa watu waliotoka huko wakahamia kwa watu."

"Watu wa visiwani, wakahamia kwa watu?" Alikuwa keshaanza kutafuta buibui lake. "Basi nnakwenda. Hao wenzetu, sie tuliotoka Unguja."

Hapo hakuna wa kubishana naye. Tukaenda watatu: mimi, mama, na Nantongo, msichana wa Kiganda anayeishi nasi Mabela na kumhudumia mama. Nikawaketisha safu ya tatu, pembeni. Mimi nikaenda safu ya mbele kwenye kiti changu cha mhakiki, ubavuni mwa Ustadh Marhoon. Sikumtambulisha mama kwa mtu. Nilijiambia kuwa kazi ni kazi.

Kabla ya kuanza nilimwita mwongozaji, kama kawaida yangu. Alikuja msichana mfupi, jina lake Ruba, yuko mwaka wa mwisho wa uhandisi, rangi imemganda kwenye kucha. Nikamuuliza bila kumzungusha: kwa nini Samoa?

"Nikisimulia yetu ya kuhama Unguja, Bi Masouda, ukumbi mzima utanisahihisha," alisema. "Shangazi atasema nguo haikuwa ile. Ami atasema mwaka haukuwa ule. Bibi atasema kwanza nyinyi nani kakwambieni. Mwaka juzi nilijaribu, tukafanyia mazoezi barazani kwetu. Nilikatizwa mpaka nikalia. Kwa Wasamoa hakuna wa kunisahihisha. Watu watanyamaza watazame."

"Na wewe umewajuaje hao Wasamoa?"

"Kuna mama mmoja wa Kisamoa, yuko Auckland. Miezi minane nazungumza naye kwa simu kila Ijumaa. Nimemsomea mchezo wote, neno kwa neno. Pale alipolia nikapaacha kama palivyo. Pale alipocheka pasipo cha kuchekesha, nikafuta."

Niliandika kwenye daftari: jibu zuri, tuone kazi. Halafu, kwa kuwa nilimwona anapikicha vidole, nikamuuliza anaogopa nini. Akasema chuo kimewaambia wazi kwamba wasipochaguliwa safari hii, kundi linavunjwa na ukumbi unageuzwa chumba cha kompyuta. Vijana kumi na wanne, na wale wa mwaka wa kwanza hawatapata tena pa kusimama. "Ndiyo hivyo," akasema, "lakini wewe usilitie hilo maanani, andika ulichokiona." Nikamjibu kuwa nisingelitia hata angeniomba.

Mchezo ukaanza.

Ni habari ya Tavita na mkewe Sina, waliotoka kijijini kwao Samoa wakahamia Auckland wakiwa vijana. Tavita anasafisha uwanja wa ndege, Sina anaosha wagonjwa kwenye nyumba ya wazee. Tavita aliigizwa na kijana anaitwa Yazid, mwembamba kama ufito, na mimi najua Wasamoa ni watu wa miraba minne. Nilitegemea wamjaze mito tumboni, nikawa tayari na sentensi yangu. Hawakumjaza. Alitembea tu kama mtu mzito, akikaa anakaa kwa miguu yote miwili, na baada ya dakika tano nilikuwa namwona mnene.

Kisha nikagundua alichokifanya Ruba na lugha. Kisamoa chao jukwaani kilikuwa Kiswahili. Kiingereza cha Auckland kilikuwa Kiarabu. Sina, ambaye aliigizwa na msichana anaitwa Nouf, anawaita watoto waje kula, anawaita kwa Kiswahili cha Unguja kabisa, na watoto wanamjibu kwa Kiarabu bila kuinua macho kwenye simu. Ukumbi ukaangua kicheko. Sina akaita tena, watoto wakajibu tena, na kicheko kikapungua. Mara ya tatu hakucheka mtu. Nyuma yangu nikasikia watu wanapenga kamasi. Nyumba hiyo kila mmoja wetu anayo, na hakuna aliyekuwa na la kusahihisha, maana walikuwa Wasamoa.

Walionyesha Jumapili yao, nguo nyeupe, kanisani, halafu chakula cha pamoja ambacho wazee hutangulia kula na vijana husimama wakihudumia. Ule wimbo wa kanisani waliuvumisha bila maneno, kwa heshima, nami nikaona vijana hawa wamefundwa. Niliandika kuwa taa za kanisani ni za manjano mno. Niliandika kuwa Nouf anameza mwisho wa sentensi. Nilikuwa natafuta makosa kwa bidii na nilikuwa nayapata kwa tabu.

Ikafika siku mtoto wa Tavita, akiwa anaendesha gari kwa kasi, alipomgonga kijana wa familia nyingine ya Kisamoa mtaani kwao akamvunja miguu. Polisi wakafanya yao, mahakama ikafanya yake. Lakini Wasamoa wana jambo lao, linaitwa ifoga. Mkosaji, au mkubwa wa ukoo wake, huenda mlangoni kwa waliokosewa, akakaa chini, akajifunika mkeka wa thamani gubigubi, kichwa na vyote, akangoja. Hasemi neno. Mwenye nyumba akitoka akamfunua, amesamehewa. Asipotoka, ndiyo anakaa hapo.

Yazid akaja na mkeka. Mikeka ile ya Wasamoa husukwa kwa miezi, laini kama kitambaa. Wa Ruba ulikuwa wa ukindu, wa kwetu, mgumu, una milia ya zambarau. Nikaandika: mkeka mnene. Nilifurahi kulipata kosa hilo, nisiseme uongo. Yazid akakaa mbele ya mlango uliofungwa, akajifunika, na ukumbi ukanyamaza.

Ikapita dakika moja. Mbili. Mlango ulikuwa na dirisha dogo la karatasi na nyuma yake taa, na kwenye taa kilionekana kivuli cha mtu amekaa anakula. Huyo alikuwa Hatem, aliyeigiza baba wa kijana aliyevunjwa. Dakika nne. Ustadh Marhoon akatazama saa. Mimi nikafikiri Hatem kasahau sehemu yake, ndiyo mambo ya wanafunzi, nikainamia daftari nianze kuandika. Dakika sita. Mkeka ulikuwa unapanda na kushuka kidogo kwa pumzi za Yazid, na watu zaidi ya mia mbili hakuna aliyekohoa.

Ndipo nilipoisikia bakora.

"Ala! Wenye nyumba wako wapi?"

Nilijua bila kugeuka. Nikasikia Nantongo anasema, "Bibi, Bibi, keti," na bakora ikizidi kuja. Mama alipita mbele yangu, buibui limemtoka begani, na akaanza kupanda zile ngazi tatu za jukwaa, moja moja, kila moja na bismillahi yake. Nantongo alikuwa kamkimbilia lakini alipofika kwenye safu yangu akasimama, hakujua kama inaruhusiwa kwenda mbele zaidi.

Ustadh Marhoon akaniinamia. "Nani yule bibi?"

Nikasema, "Sijui."

Lilitoka jepesi kabisa. Hata sikulifikiria.

Mama hakututazama. Aliusogelea mlango wa mbao za kuazima akaugonga kwa bakora. "Mtu yuko nje tangu asubuhi, nanyi mmo ndani mwala? Hamna haya?" Kisha akainama, na kuinama kwake ni kazi, akashika ukingo wa mkeka akaufunua. Uso wa Yazid ulikuwa umelowa jasho na machozi. Alimtazama mama kama hajui yuko Auckland au Mawaleh.

"Inuka, mwanangu," mama akamwambia. "Inuka, yamekwisha."

Na kijana yule, Mungu ampe umri, hakutoka kwenye Utavita wake. Aliushika mkono wa mama akaubusu, akainuka. Hapo hapo mlango ukafunguka. Hatem akasimama, uso umemshuka, akasema neno moja aliloandikiwa kwenye mchezo mzima: "Ingieni." Yazid akaingia, na mama akaingia naye. Taa zikazimwa.

Sijapata kusikia ukumbi wa Muscat ukipiga kelele namna ile. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti.

Nje, kwenye korido, Ustadh Marhoon hakuwa na furaha wala hasira. Ni mtu wa kanuni na kwa hilo nimemheshimu siku zote. Alimwita Ruba mbele yangu akamwambia kuwa kanuni ya tisa iko wazi: akipanda jukwaani mtu asiyekuwemo kwenye orodha ya waigizaji, onyesho limevunjika na halihesabiwi. "Isipokuwa," akasema, "kama lilipangwa. Je, lilipangwa?"

Alikuwa anamfungulia mlango, nami niliona. Neno moja tu na kundi limepona. Nyuma ya Ruba, Yazid alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, sema ndiyo, sema ndiyo.

"Halikupangwa, Ustadh," Ruba akasema. "Nilimwambia Hatem asitoke mpaka ausikie ukumbi umeshindwa kuvumilia. Kwenye mazoezi haikufika hata dakika moja, mtu alikuwa anakohoa au anacheka. Leo hakukohoa mtu, naye akaendelea kungoja. Yule bibi kaja mwenyewe. Ningekuwa na akili ya kumpanga, ningempanga." Machozi yalikuwa yanamlengalenga lakini sauti haikutetereka.

Niliona fahari kwa msichana yule kama kwamba nimemzaa mimi. Nikafunga daftari nikaenda kuwatafuta mama na Nantongo.

Ndani ya gari mama alikuwa na furaha tele. "Watoto wameigiza vizuri," alisema, "ila yule mwenye nyumba hana adabu."

"Mama, umewaharibia," nikamwambia, na nilisema kwa ukali ambao sijawahi kumwonyesha. "Kundi lao litavunjwa kwa sababu yako. Ni mchezo! Yule mwenye nyumba angetoka."

Tukaingia barabara ya Mabela. Kisha akasema, polepole, akitazama nje: "Mie nimeshakaa vile. Mwaka sabini na tatu, siku tuliyofika. Baba yako yuko bado Unguja, nna wewe wa miaka mitano na furushi moja. Tulikwenda kwa ami yake baba yako. Nikapiga hodi kwa Kiswahili, sikuwa na lugha nyingine. Wakachungulia, wakafunga. Nikakaa juu ya furushi tangu adhuhuri mpaka magharibi, nawasikia ndani wanakula. Aliyekuja kunishika mkono ni jirani, mwanamke wa Kibalushi, hata lugha hatusikilizani. Basi siku ile nikasema, mie nikiwepo, mtu hakai mlangoni."

Maisha yangu yote nimeambiwa kuwa tulipokewa kwa halua na kahawa. Na aliyeniambia ni yeye.

Jumapili asubuhi nilikaa kuandika ripoti na haikuandikika. Kalamu ilikuwa inafika kwenye mkeka inasimama. Nikienda na kanuni ya tisa, vijana wameanguka kwa kosa la mama yangu. Nikisema lilipangwa, nimeongopa, na Ruba mwenyewe alikataa kuongopa. Nilikwenda jikoni kutafuta chai. Nantongo alikuwa anakata vitunguu.

"Madam," akasema, "naweza kusema kitu? Usikasirike."

"Sema."

"Jana nimesikia. Yule mudir, mkubwa wenu, alikuuliza, wewe ukasema hujui." Hakuinua macho. "Mimi mama yangu yuko Masaka. Miaka mitatu sijamshika mkono, ni kwenye simu tu. Siku akipanda mahali popote mbele ya watu, hata kama anaharibu, mimi nitapiga kelele mpaka askari waje. Nitasema, huyo ni wangu! Khalas. Nimemaliza."

Hasira ilinipanda, maana nina hasira za karibu na kila mtu anajua. Nilikaa nayo nikitafuta pa kuitupa, na hapakuwapo. Msichana yule anambeba mama yangu bafuni na kumkata kucha, na alichokisema hakikuwa na kosa hata moja. Nikachukua chai yangu nikarudi mezani. Nilifunika uso kwa mikono nikalia kwa aibu, peke yangu, kama mtoto.

Nilipomaliza kulia nikakumbuka kanuni ya kumi na mbili. Niliiandika kwa sababu ya mhakiki mmoja tuliyekuwa naye zamani, ambaye kila mwaka alimsifu mpwa wake. Inasema kwamba mhakiki akiwa na jamaa yake jukwaani, ripoti yake ni batili, jina lake linafutwa kwenye orodha ya wahakiki, na onyesho litatazamwa upya na mtu mwingine. Siku zote niliiona ni ya wengine.

Basi nikaandika, na safari hii kalamu haikusimama. Nilianza hivi: "Bibi aliyepanda jukwaani ni mama yangu mzazi, na nilipoulizwa nilisema simjui." Baada ya hapo nikaandika kurasa tano. Niliyataja makosa yote, taa, na Nouf, na mkeka. Kisha nikaandika kuwa katika miaka yangu kumi na mmoja sijaona vijana wanaowaheshimu watu wasiowajua kiasi kile. Kwamba waliwabeba Wasamoa kwa mikono miwili, na hawakuwageuza kichekesho wala pambo. Kwamba mwongozaji aliunyamazisha ukumbi wa watu wetu, ambao hawanyamazi hata kwenye khutba, kwa dakika sita nzima, mpaka mtu mzima akasahau kuwa ni mchezo akaenda kumtoa mwenzake chini. "Kama hilo ni kuvunjika kwa onyesho," niliandika, "basi sijui kukamilika kwake kungekuwaje." Nilijua hakuna atakayeisoma ikahesabiwa. Niliandika vizuri hivyo hivyo.

Jumatatu kamati ilikaa. Walikuwa wote sita, na mkutano, kama kawaida, ni kwa Kiarabu. Ustadh Marhoon akasema wanangoja ripoti yangu juu ya onyesho lililovunjika. Nilisimama. Kwa kawaida husemwa kwa kukaa, ila miguu ilisimama yenyewe.

"Yule bibi ni mama yangu," nikasema. "Anaitwa Nunu binti Khalfan bin Nassor. Uliniuliza nikasema simjui, na nilisema uongo."

Ustadh Marhoon akavua miwani. "Unajua kanuni ya kumi na mbili inakufanya nini?"

"Niliiandika mimi."

"Miaka kumi na mmoja, Ustadha Masouda. Hakuna kurudi."

"Najua. Futa."

Mmoja akataka kusema kuwa kanuni ya tisa bado ipo, mwenyekiti mwenyewe alikuwepo akaona. Ustadh Marhoon akamkatiza. Kamati haihukumu kwa macho, akasema, inahukumu kwa ripoti, na ripoti hapa hakuna. Onyesho litatazamwa upya. Akalikata jina langu kwa rula, mstari ulionyooka, mimi nikitazama. Halafu zile kurasa zangu tano akazikunja akazitia mfukoni mwa kanzu yake. "Hizi si za kamati tena," alisema. "Nitazisoma nyumbani."

Nisije nikakuweka roho juu: Jumamosi iliyofuata alikuja mhakiki kutoka Nizwa, Ustadh Sleiman, mzee mkimya. Mama alikwenda, na kwa amri ya Ruba aliketishwa safu ya mwisho kabisa, Nantongo kamshika mkono. Hatem alitoka dakika ya tatu, nadhani kwa kumhofia mama. Wiki moja baadaye wakachaguliwa. Ruba alinipigia simu hakuweza kuongea, alikuwa analia tu, nami nikamwambia aache kupoteza salio, akafanye mazoezi. Huo ukumbi wao upo mpaka leo.

Lakini ninalotaka kusimulia ni lile la Jumatatu, baada ya kamati. Nilifika nyumbani adhuhuri. Mama alikuwa sebuleni na ungo mapajani, anachagua mchele. Sikukaa. Nilimwambia hapo hapo, mkoba begani.

"Mama, Jumamosi niliulizwa wewe ni nani. Nikasema sikujui."

Aliendelea kuchagua. "Najua," akasema.

"Nantongo kakwambia?"

"Nantongo hasemi ya watu. Nlikuona uso, nlipokuwa nateremka kule. Uso ule naujua." Akatoa kijiwe akakiweka pembeni. "Ulikuwa nao siku ile skuli. Una miaka minane. Nimekuletea chakula chako, nimejifunga kanga zangu. Wenzio wakakuuliza kwa Kiarabu, nani huyu? Ukawaambia, jirani. Ulidhani sijui Kiarabu. Neno hilo nlikuwa nshalijua."

Nililikumbuka lango lile, na joto lile, na vidole vyake vilivyoshika bakuli. Miaka khamsini kasoro. Nilikuwa nimejihakikishia kuwa hakusikia.

"Mbona hukusema kitu?"

"Nseme nini? Mtoto alitaka marafiki." Akatikisa ungo. "Na leo huko umesema nini?"

"Nimesema yule ni mama yangu."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya kamati nzima. Watu sita."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiarabu, Mama."

"Na jina?"

"Na jina lako, na la baba yako, na la babu yako."

Hapo ndipo alipoweka ungo chini. Alijitengeneza mtandio, akakaa wima, mikono yote miwili juu ya bakora. "Hebu sema kama ulivyosema."

Nikasema. Nimesimama katikati ya sebule, mtu mzima wa miaka khamsini na saba, nikasema kwa Kiarabu kuwa huyu ni mama yangu, Nunu binti Khalfan bin Nassor. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, kama anayeonja mchuzi.

"Tena."

Nikasema tena. Sauti ilinikatika kwenye jina la babu, nikalimaliza hivyo hivyo.

"Nantongo!" akaita. "Niletee simu yangu."

Nantongo akaja nayo mbio. Mama alilifungua kundi la ukoo, ambamo wamo watu sitini na zaidi, wa Muscat, wa Unguja, wa Dubai, na wajukuu wote wa yule ami wa baba aliyetufungia mlango. Akabonyeza pale pa kurekodi sauti, akanisogezea simu mpaka ikanigusa mdomo.

"Haya," akasema. "Kwa sauti."